Uzi: Mashine za umeme za karakana ya nyumbani – namna ya kuchagua, na namna ya kuzifanya zidumu

Keekee (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila linapoulizwa swali la "nianze na mashine gani", majibu yanakimbilia kwenye wati. Wati ni za kuangalia, lakini si za kuanza nazo. Anza na vitu vinavyoisha.

Mashine ya mkono yenye mota ya kawaida ina vitu vitano vinavyochakaa: kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka), beringi, grisi ya gia, swichi na waya. Ya betri, ongeza seli (vibetri vilivyopangwa ndani yake). Kabla ya kulipa, hakikisha vitu hivyo vinapatikana na vinafikika. Geuza mashine uangalie ubavu wa mota. Ukiona vifuniko viwili vya duara vyenye mfereji wa bisibisi bapa, kimoja kila upande, ujue kaboni zinabadilishwa bila kufungua bodi. Visipokuwepo haimaanishi mashine ni mbaya, ila siku ya kaboni utafungua skrubu zote na kupambana na springi inayoruka chini ya meza.

Kuhusu wati: namba iliyo kwenye lebo ni umeme unaoingia, si nguvu inayofika kwenye diski. Sehemu yake inapotea kama joto, nyingine inaliwa na feni na gia. Namba yenyewe pia inaweza kuwa ya uongo, na kuipima si kazi kubwa. Gawa wati kwa volti. Mashine ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 6.5. Sasa soma maandishi yaliyopigwa kwenye waya wake. Waya laini wa milimita za mraba 0.75 ni wa ampea 6, wa 1.0 ni wa ampea 10, wa 1.5 ni wa ampea 16. Ukikuta "1500W" kwenye lebo na "2×0.75" kwenye waya, kimojawapo kinadanganya, na mara nyingi si waya. Kisha nyanyua mashine. Shaba na chuma cha mota vina uzito, na mota nyepesi kama kopo tupu haiwezi kubeba wati hizo kwa muda.

Mpangilio wangu: mtu wa mbao aanze na drili, kisha msumeno wa mviringo, kisha sanda (mashine ya msasa). Mtu wa chuma aanze na grainda (mashine ya diski ya kukata na kusaga) ya milimita 115 au 125, kisha drili. Randa ya umeme na ruta (ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao) zisubiri mpaka kazi iziite zenyewe.

MbaoMbili

Swali la haraka, mkuu. Plagi yenye waya mbili tu, bila ethi (waya wa ardhi), ni ya kuogopa?

Keekee

Tafuta alama ya mraba ndani ya mraba kwenye lebo. Ikiwepo, mashine ina insulesheni mara mbili na haihitaji ethi. Bodi ya chuma, waya mbili, na alama hiyo haipo: iache dukani.

JiliwaKubwa

Naongezea kwenye drili, maana hapo ndipo watu wanapotea zaidi. Kuna drili ya kawaida yenye chaki (mdomo unaoshika biti) ya milimita 10 au 13, kuna ile ile yenye kitufe cha kugonga, na kuna ya SDS-plus (ile ya nyundo, ya zege) ambayo biti zake zina shina la milimita 10 lenye mifereji.

Drili ya kugonga inagonga kwa diski mbili za meno zinazosuguana ndani. Mapigo ni mengi lakini madogo, na yanategemea unavyoisukuma kwa mwili. Kwa tofali na tundu dogo inatosha. Kwenye zege, tundu la milimita 10 kwenda juu, utachoka wewe, itaungua yeye. SDS ina pistoni inayorushwa na hewa iliyobanwa, na pigo linatoka kwenye pistoni hiyo. Kazi yako ni kuishikilia inyooke tu. Ukiikandamiza sana unaipunguzia mapigo. Shina la biti ya SDS lipake grisi kidogo kabla ya kulisukuma ndani, lisile kile kishikio.

Kwa karakana ya mbao na chuma, chukua drili ya kawaida ya 13 yenye kasi ya kubadilika. Ya SDS usiitobolee chuma kwa adapta ya chaki ukitegemea tundu safi, kwa sababu ule mfumo una mchezo, biti inayumba.

Halafu kasi. Kwa chuma laini na biti ya HSS (chuma maalumu cha kukatia), gawa 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Biti ya 3 inapata kama mizunguko 2,700 kwa dakika, ya 6 kama 1,300, ya 10 ni 800, ya 13 kama 600. Chuma kisichoshika kutu, punguza iwe nusu, weka mafuta, na usiache biti isugue bila kukata. Chuma hicho kikisuguliwa kinakuwa kigumu pale pale, na kuanzia hapo hakuna biti itakayoingia kirahisi. Tia alama kwa senta panchi (kile chuma chenye ncha cha kugongea kidoti) kwanza. Tundu kubwa litangulize na biti ndogo, inayokaribia unene wa ule ubapa wa katikati ya ncha ya biti kubwa.

Angalia maranda yanayotoka. Biti iliyonolewa vizuri inatoa nyuzi mbili zilizojikunja, moja kila mfereji. Ukiona uzi mmoja tu, upande mmoja wa ncha ni mrefu kuliko mwingine, na tundu litatoka pana kuliko biti.

Msasa120

Na hizi za betri je? Nataka kuachana na waya kabisa.

Seli18

Kuachana kabisa inategemea unafanya nini. Piga hesabu ya nishati: volti mara ampea-saa (Ah). Betri ya volti 18 yenye 2.0 Ah ina wati-saa 36. Ya 5.0 Ah ina 90. Grainda ikiwa kazini kweli inavuta, tuseme, wati 600. Wati-saa 36 zinaisha ndani ya dakika tatu na nusu hivi, na 90 ndani ya dakika tisa. Hapo hatujahesabu joto. Drili ya kufunga skrubu inavuta nguvu nyingi kwa sekunde chache tu kila skrubu, ndiyo maana betri inaipendeza. Kwangu mimi drili na jigso (msumeno mwembamba wa kukata mikunjo) ni za betri, grainda na msumeno wa mviringo wa kazi ndefu ni za waya.

Kuna jambo jingine ambalo lebo haikwambii. Wati 600 kwa volti 18 ni ampea 33. Betri ya 2.0 Ah kwa kawaida ina seli tano tu zilizofuatana, kwa hiyo ampea zote 33 zinapita katika kila seli. Betri ya seli kumi ina safu mbili, kila seli inabeba nusu. Ndiyo sababu betri ndogo kwenye grainda inachemka, inazima, na baada ya miezi inakataa chaja. Betri haikuwa feki, ilipewa mzigo usio wake.

Mota zisizo na kaboni zinakula umeme kidogo zaidi kwa kazi ile ile na hazina kaboni ya kubadilisha. Ila bodi yake ya elektroniki ikifa, mara nyingi ndiyo mwisho wa mashine, usipopata bodi nyingine.

NatiLegevu

Wanaouza zilizoandikwa 48V, 88V na kuendelea, ukweli wake upoje?

Seli18

Geuza chaja usome kinachotoka. Kama ni 21 V, mle ndani kuna seli tano. Seli moja ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, mara tano ni 21. Volti yake ya kawaida ni 3.6, mara tano ni 18. Kwa hiyo "18V", "20V" na "21V" ni betri ile ile iliyosomwa nyakati tofauti. Chaja ya 12.6 V ina maana seli tatu. Volti 88 za kweli zingehitaji seli 24 hivi. Seli ya kawaida ya saizi ya 18650 ina uzito wa karibu gramu 45, yaani kilo moja na ushee ya seli peke yake. Weka betri kiganjani, utajua.

ChecheNyekundu

Tuje kwenye grainda, maana ndiyo inayopeleka watu hospitali.

Diski ina namba mbili za kusoma kabla ya kufunga. Ya kwanza ni kasi ya juu. Diski nyingi zimetengenezwa ukingo wake usizidi mita 80 kwa sekunde. Ndiyo maana ya 115 imeandikwa 13,300, ya 125 imeandikwa 12,200, na ya 230 imeandikwa 6,600. Namba ya mashine isizidi namba ya diski, basi. Namba ya pili ipo kwenye ile pete ya chuma katikati, mwezi na mwaka, na ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Gundi inayoshika chembe inanyonya unyevu na kudhoofika. Diski iliyolowa, iliyoanguka sakafuni au iliyopitisha tarehe inakwenda kwenye takataka, hata kama inang'aa.

Diski ya kukatia, yenye unene wa milimita 1 hadi 3, inakata kwa ukingo tu. Usiisagie kwa ubavu. Ya kusagia ina unene wa kama 6, na hiyo ndiyo ya kulaza kwa nyuzi 20 hadi 30. Diski ya milimita 1 inakata haraka na inatoa joto kidogo, lakini ukiipindisha ndani ya mkato inapasuka.

Baada ya kufunga diski mpya, iache izunguke bila mzigo kama nusu dakika, ukiwa umesimama pembeni, si mbele yake. Ikitetema, zima. Angalia flanji (bamba la duara linalobana diski): uchafu mdogo tu chini yake unatosha kuifanya diski ipepesuke.

KukuMweupe

Grainda ndogo ukitoa kinga inaingia diski ya 230. Tundu la katikati ni lile lile, milimita 22.23. Kuna ubaya gani kwa kazi moja?

ChecheNyekundu

Ubaya upo kwenye hesabu. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya 230 kwa kasi hiyo, ukingo wake unakwenda mita 132 kwa sekunde, wakati imetengenezwa kwa 80. Nguvu inayoivuta ipasuke inapanda kwa kasi mara kasi, yaani karibu mara 2.7 ya kiwango chake. Ikipasuka, kitu pekee kati ya vipande na shingo yako ni ile kinga uliyoitoa. Tundu limelingana ili kiwanda kisitengeneze flanji za aina mbili, si kukuruhusu. Bledi za msumeno wa mbao zenye meno kwenye grainda nazo ni hivyo hivyo: zikinasa, mashine inarudi kwako, na haina kisu cha kufuata nyuma ya bledi wala kinga ya kujifunga. Kazi moja ndiyo inayotosha.

KukuMweupe

Nimeelewa mkuu. Swali la pili basi: grainda ikitoa cheche kubwa kule nyuma kwenye matundu, tatizo ni kaboni au ni amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka, yenye koili)?

KaboniMbili

Inategemea cheche zikoje. Kwanza vaa kinga ya macho, usiitoe kama ile ya diski 😅, kisha uangalie kwenye kivuli. Cheche ndogo za bluu chini ya kila kaboni ni kawaida. Cheche za njano zinazorukaruka mara nyingi ni kaboni fupi au springi dhaifu. Ukiona duara zima la moto linazunguka komuteta (pete ya vipande vya shaba kwenye amecha, inayoguswa na kaboni), zima hapo hapo. Koili ya amecha ina shoti au imekatika.

Kubadilisha kaboni, kwa utaratibu:

Chomoa plagi. Si kuzima swichi, chomoa. Fungua kifuniko kimoja, vuta kaboni, weka alama imekaaje. Uso wake umechongwa kwa mviringo wa komuteta, ukiirudisha kinyume itagusa kwa ncha tu. Pima urefu. Ikibaki milimita 5 au 6, au imefika kwenye mstari wa alama kama upo, badilisha. Zote mbili, hata kama ya pili inaonekana nzima, kwa sababu zinapokezana umeme mmoja. Pima pia upana na unene kwa venia (kipimo cha kubana cha milimita): 5×8, 6×9, 6.5×13.5 na kadhalika. Kaboni iliyozidi usiisage ubavuni kwa kukadiria. Ikiwa legevu inacheza na kutoa cheche, ikibana inanasa kwenye nyumba yake na kuacha kugusa. Ikiingia inapaswa kuteleza kwa uzito wa springi tu.

Kabla ya kuweka mpya, futa nyumba ya kaboni kwa kitambaa kikavu. Ule unga mweusi unapitisha umeme. Angalia komuteta kupitia tundu ukiizungusha kwa mkono. Rangi ya kahawia iliyolingana ni nzuri, usiisugue. Ikiwa imechomeka, isafishe. Funga, kisha endesha mashine bila mzigo dakika 5 hadi 10 ili kaboni zijichonge zifuate mviringo. Ukiruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kukata nondo, kaboni inagusa kwa eneo dogo, inachemka, inaichoma komuteta.

Jambo moja linalosumbua watu: kuna kaboni zenye kipini cha springi ndani. Zikifika mwisho, kipini kinatokeza na kusukuma kaboni isiguse tena. Mashine inazima ghafla kama imekufa. Kabla hujaitangaza marehemu, angalia kaboni.

MbaoMbili

Komuteta iliyochomeka huwa inapigwa msasa mweusi wa chuma, ule wa kitambaa.

KaboniMbili

Hapana, huo hasa ndio wa kuepuka. Msasa wa kitambaa aina ya emeri una chembe zinazoweza kupitisha umeme, nazo zinabaki kwenye mifereji kati ya vipande vya shaba. Tumia msasa wa karatasi namba 400 hadi 600, kipande chembamba, ukizungusha amecha. Halafu pitisha ncha ya plastiki au ya mti kwenye kila mfereji, na pulizia. Mifereji lazima iwe chini kidogo kuliko shaba. Ikilingana, kaboni inapanda juu ya mika (kizuizi cha umeme kilicho kati ya vipande vya shaba) na kuruka.

GrisiNdani

Nichukue sehemu ya gia, maana ndiyo inayosahaulika mpaka ianze kulia.

Kichwa cha grainda kina skrubu nne. Kikifunguka utakuta gia mbili za pembe na grisi. Nyeusi yenye kung'aa chembechembe ni unga wa chuma. Futa yote, osha gia kwa mafuta ya taa, kausha. Weka grisi ya lithiamu daraja la NLGI 2 (kipimo cha ugumu wa grisi), yenye uwezo wa kubeba mgandamizo mkubwa, ijaze theluthi moja hadi nusu ya nafasi, isizidi. Hapa ndipo mapenzi yanapoharibu: ukijaza pomoni, grisi inakorogwa, inachemka, inapita kwenye sili na kuingia kwenye mota. Grisi pamoja na unga wa kaboni kwenye komuteta ni uji unaopitisha umeme. Mashine za SDS zina grisi yake maalumu upande wa nyundo. Ya kawaida huyeyuka na kukimbia.

Beringi soma namba iliyochongwa ubavuni, huna haja ya kwenda na mashine dukani. 607 ni 7×19×6, yaani tundu la ndani, kipenyo cha nje, unene. 608 ni 8×22×7. 629 ni 9×26×8. 6001 ni 12×28×8, 6201 ni 12×32×10. Herufi za mwisho zina maana: ZZ ina ngao za bati, 2RS ina sili za mpira. Kwa grainda na sanda chukua 2RS, vumbi ndilo adui. Kuikagua, shika amecha ikiwa nje na uzungushe ile beringi kwa vidole viwili. Nzuri inakwenda kimya na kwa uzito fulani kidogo. Ikikwaruza kama kuna mchanga, au ikizunguka muda mrefu kama pia ya kuchezea, grisi imeisha.

Ukiipigilia beringi mpya kwenye shafti, gonga pete ya ndani tu, kwa bomba linaloenea pete hiyo. Ukiiingiza kwenye nyumba yake, gonga ya nje. Kugonga pete isiyohusika kunapitisha pigo kwenye gololi, na beringi mpya inaanza kulia siku hiyo hiyo.

Msasa120

Msumeno wa mviringo unachoma mbao, unaacha mstari mweusi. Bledi imeisha?

JiliwaKubwa

Usiitupe kwanza. Ichomoe, chomoa plagi kabla ya hapo, uangalie nyuma ya meno. Ukiona utando wa kahawia, huo ni utomvu uliopikwa. Unafanya jino liwe nene, linasugua badala ya kukata. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye magadi au sabuni kali ya mafuta dakika 15, sugua kwa mswaki wa nailoni, suuza, kausha vizuri, pangusa mafuta kidogo. Usitumie brashi ya chuma, inavunja ncha za kabidi.

Kama ni safi na bado inachoma, tafuta mambo matatu. Unasukuma polepole mno, meno yanasugua palepale. Au bledi ina meno mengi kwa kazi hiyo: kuchana mbao kufuata nyuzi kunataka meno 24 hivi kwenye bledi ya 185, kukata mkingamo 40, plaiwudi na bodi zenye lamineti 60 kwenda juu. Au bledi haiko sambamba na bamba la chini. Pima kutoka ukingo wa bamba hadi jino la mbele, kisha zungusha jino lile lile hadi nyuma upime tena. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuchoma.

Kina cha bledi kiwe unene wa mbao na milimita 3 hadi 6 za ziada. Uso mzuri wa mbao uwe chini, maana meno yanakata yakipanda na ndio upande wa juu unaochanika.

Kurudi nyuma kwa msumeno, au kupiga teke, kunatokea mkato ukijifunga na kuibana bledi. Kisa cha kawaida ni mbao iliyoegemezwa kwenye viti viwili na kukatwa katikati: inalala, mkato unajikunja juu, bledi inanaswa. Egemeza upande unaobaki, kipande kinachokatika kiachwe kianguke chenyewe. Kipande kirefu kiegemeze sehemu mbili kila upande. Na kabla ya kila kazi, plagi ikiwa nje, inua ile kinga ya chini na uiachie. Lazima ijifunge kwa mlio. Ikichelewa, isafishe kwa brashi kavu. Usiipake mafuta mazito, unga wa mbao utaganda hapo na hali itakuwa mbaya zaidi. Wale wanaoifunga kwa kipande cha mti ibaki wazi, siwaelewi.

WayaMrefu

Hakuna aliyegusa ekstensheni, na zinaua mashine kimya kimya.

Shaba ina ukinzani wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba. Ekstensheni ya mita 30 ni mita 60 za shaba, kwenda na kurudi. Kwa waya wa 0.75 ni omu 1.4, na mashine ikivuta ampea 10 unapoteza volti 14. Kwa 1.0 unapoteza 10.5, kwa 2.5 unapoteza 4.2. Volti zikishuka, mota inalegea, feni nayo inapunguza hewa, wewe unakandamiza zaidi, ampea zinapanda. Joto linapanda huku upepo wa kupooza unapungua. Harufu ya vanishi ya koili ikikufikia puani umechelewa.

Kwa mashine ya wati 2,000, mita 30: waya wa 2.5. Mita 10: 1.5 inatosha. Na ringi la waya likunjue lote. Ukiacha umezungushwa, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka katikati ambako huoni. Soma lebo ya ringi, huwa na wati mbili, za waya uliokunjwa na uliokunjuliwa. Weka pia swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, hasa kama karakana ina sakafu yenye unyevu.

Msasa120

Basi niseme la sanda, ndiyo ninayoijua. Ya duara ya 125, angalia upana wa mzunguko wake wa pembeni: 2.5 ni ya kumalizia, 5 ni ya kula haraka. Usiikandamize, uzito wake unatosha. Ukikandamiza, joto linayeyusha vindoano vya pedi na msasa unaanza kuruka. Panda kwa hatua: 80, 120, 180. Ukitoka 80 kwenda 180, mikwaruzo ya 80 itabaki na utaiona siku ya kupaka vanishi. Pedi ikizunguka kama feni ukiinyanyua hewani, ile pete ya mpira ya breki juu ya pedi imeisha. Mfuko wa vumbi mwaga ukifika nusu.

ChecheNyekundu

Na usisage chuma karibu na mfuko huo. Cheche moja ndani ya unga wa mbao inafukuta kwa saa nyingi kabla haijawaka. Vumbi lenyewe vaa barakoa ya FFP2 (ya kuchuja chembe ndogo). IARC (shirika la utafiti wa saratani la WHO) iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, na wengi bado wanafanya kazi na leso.

NatiLegevu

Betri zisipotumika muda mrefu?

Seli18

Zihifadhi zikiwa na chaji nusu hivi, mahali pa baridi kiasi, nje ya mashine. Usizimalize mpaka zife. Mashine ikianza kulegea, simama. Zikitoka kazini za moto, ziache zipoe kabla ya kuchaji.

KukuMweupe

Nimeifungua ile grainda. Komuteta ina vipande viwili vinavyotazamana vimekuwa vyeusi. Nisuke amecha au ninunue?

KaboniMbili

Vipande viwili vinavyotazamana vikiungua, mara nyingi kuna koili iliyokatika. Thibitisha kwa mita: pima kipande na jirani yake, zunguka komuteta nzima, namba zikaribiane. Mmoja ukiruka juu sana, ndio huo. Kisha pima kila kipande na shafti, isionyeshe mguso wowote.

Kwa grainda ndogo usisuke, nunua. Kusuka kunafaa kwa mota kubwa, hii ina waya mwembamba na lazima isawazishwe ili isitetemeke kwenye kasi ya 11,000. Ukienda kununua, chukua vipimo hivi: urefu wote, kipenyo na urefu wa chuma chenye koili, kipenyo cha komuteta na idadi ya vipande vyake, idadi ya meno ya gia ya mwisho na upande meno yalikopindia, na vipenyo vya shafti panapokaa beringi. Kimoja kikikosea haikai.

Kabla ya kuifunga, pima koili mbili za nje zilizobaki kwenye bodi. Usomaji wake ulingane. Moja ikiwa chini kuliko nyingine, ina shoti, na itaichoma amecha mpya kabla hujamaliza diski ya kwanza.